Chungu Kilichochelewa Kuvunjika

Asubuhi ya leo nimesikia chungu kikivunjika jikoni, na nikajua ni kipi kabla akili haijauliza ni nini.

Sauti ya chungu cha udongo si kama ya sahani. Sahani ikianguka inapiga kelele kama mtu wa kiherehere. Chungu kinasema neno moja tu, zito, la chini, halafu kinanyamaza. Nilikuwa uani nimekaa kwenye kigoda changu nachambua maharage. Hapa mtaani Sakina, kwa binti yangu, kelele ndiyo hewa yenyewe. Mafundi wa gereji wanagonga mabati tangu jua halijapanda, mabasi ya Namanga yanapiga honi, jirani anafungulia redio kama vile sote tumelipia. Zote hizo hazinishtui. Hiyo moja ilinisimamisha na ungo mkononi.

Neema, mjukuu wangu, akatokea mlangoni povu limemfika kwenye viwiko. Neema anasoma chuo, na kama hukuambiwa na mtu, basi nakuambia mimi: ni wa kwanza katika ukoo wetu wote kufika huko. Lakini chuo hakifundishi kushika chungu chenye sabuni.

"Bibi, usinijaji," akasema. "Jamani usinijaji, kimeteleza tu."

"Kujaji ndiyo kufanya nini?"

"Kuhukumu, Bibi. Yaani usinihukumu."

Nikaketi. Nikaanza kucheka, nikacheka mpaka maharage yakamwagika, mpaka machozi yakatoka, na Neema akaanza kupiga kelele kwamba Bibi amepatwa na kitu. Hakikunipata kitu. Kitu kilinitoka. Chungu kile kilitakiwa kivunjwe nikiwa darasa la pili, na mimi niliamini kabisa kwamba siku kitakapovunjika nitakufa.

Vijana wa siku hizi neno hilo wanalitumia kama chumvi. Akivaa suruali iliyochanika magotini, "Bibi usinijaji." Akila chipsi badala ya makande, "Bibi usinijaji." Siwalaumu, hawajaona. Sisi tuliolelewa juu ya Kikatiti, kwenye miteremko ya Meru, tulijua kuhukumu kuna uzito wa kubebwa na watu wawili. Ngoja niwaeleze. Shule niliishia darasa la nne, lakini haya sikuyasoma mahali. Niliyala kwa mdomo wangu.

Nililelewa na bibi mzaa baba. Kihamba chetu kilikuwa na migomba na mibuni, na nyumba ilinuka daima vitu vitatu: moshi, maziwa na kahawa mbichi inayochacha. Bibi alikuwa mwanamke mfupi, mweusi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe aliye bonde la pili. Babu alikuwa mrefu, mkimya, na alikuwa mzee wa mfereji. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Mfereji ulitoka juu msituni, ukachimbwa na mababu kwa vijiti, ukashuka unapita kihamba hadi kihamba, na karibu kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya kufungulia maji. Babu ndiye aliyezijua zamu zote kwa kichwa. Jumapili alikuwa anapitisha kikapu cha sadaka kanisani, na siku nyingine zote alikuwa anapita juu ya mfereji na fimbo yake, anatazama nani ameacha maji yamwagike. Watu walimwamkia mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya umri na ya pili kwa ajili ya maji.

Mwaka ninaousema, masika ilipita kama mgeni asiyetaka kuketi. Ilipofika wakati wa kuchuma kahawa, migomba ilikuwa imekunja majani kama watu wenye baridi. Mfereji ulikuwa umekonda, na ajabu ni kwamba kwa wenyeji wa chini maji yalikuwa yanafika machache kuliko yalivyotoka juu. Mtu akifungulia zamu yake anapata kamasi. Wakaanza kuulizana. Maji yanaishia wapi?

Wakatazama kushoto, wakatazama kulia, wakaona kijani. Kijani hicho kilikuwa kwa Mama Anaeli.

Mama Anaeli alikuwa mjane. Mumewe alikuwa wa kwetu, yeye mwenyewe ameolewa kutoka upande wa Ngaramtoni, kwa Waarusha, na Kimeru chake kilikuwa na kona kona ambazo watu walikuwa wanaziiga wakicheka. Hakuwa na kahawa hata mti mmoja. Alikuwa na migomba michache na bonde dogo la magimbi chini ya nyumba. Mwaka ule wa jua magimbi yake yalisimama na majani mapana kama masikio ya tembo, yanang'aa, na chini yake tope. Tope! Wakati sisi tunapiga mswaki kwa majivu ili tusisukutue.

Binti yake, Anaeli, alikuwa rafiki yangu. Tulikaa dawati moja. Na kila siku Anaeli alikuja shule na gimbi la kuchoma kwenye mfuko wa sweta, limefungwa jani la mgomba, bado lina joto. Tulikula nyuma ya choo cha shule, nusu kwa nusu, na chumvi aliyoifunga kwenye kikaratasi. Gimbi lile hata leo nalijua ulimini. Nje lina ganda jeusi la moto linalokwaruza midomo, ndani ni laini, linakaribia kuwa tamu, na lina ile harufu ya udongo uliolowa ambayo mwaka ule haikuwa mahali pengine popote. Kwetu tulikuwa tunakula ugali na mboga iliyokauka. Kwa hiyo nilikula kwa bidii. Nilinenepa wakati wenzangu wanakonda, na nikadhani hakuna anayeona.

Babu alikwenda kwa Mama Anaeli mara moja tu. Alisimama juu ya bonde, akaona tope, akauliza swali moja, akageuka. Hakuinama. Jioni wazee wakaja nyumbani, wakakaa kwenye magogo nje, na mimi nilikuwa napita na maziwa nikasikia. Mzee Sifaeli, jirani yetu wa chini, ndiye aliyekuwa anaongea zaidi. Alikuwa na kidevu kilichotangulia kuingia kila mahali.

"Anafungulia usiku," akasema. "Hawa watu wa ng'ombe hawajui adabu ya maji."

"Nimemwuliza," akasema Babu. "Nikamwuliza maji haya yametoka wapi. Amesema hajui."

"Hajui! Maji yako shambani kwake, na hajui! Mwizi gani akaulizwa akasema ndiyo?"

Wakacheka kidogo, kicheko kile cha watu walioshakubaliana. Kisha Babu akasema kwa sauti ya chini, kama anayeagiza chumvi, "Basi chungu."

Kwa asiyejua: zamani kwetu, watu wakiibiwa na mwizi hataki kujitaja, mzee alichukua chungu kizima, kipya, kisichowahi kupikiwa, akakiweka chini mbele ya watu wote, akasema maneno, kisha akakipiga rungu. Mwenye kosa alikuwa anapukutika yeye na nyumba yake, kama maua ya kahawa yaliyopigwa na mvua ya mawe. Mchungaji alikuwa anakemea jambo hilo kila mwaka, na kila mwaka wazee walikuwa wanamwitikia Amina, halafu wanakwenda zao. Wengi hawakuwahi kuona chungu kikivunjwa kweli. Kulitosha kutangaza, mwizi akaja mwenyewe analia. Lakini Mama Anaeli hakuja. Zikapita siku, hakuja. Akaendelea kuteka maji na kupalilia, kichwa chini, na watu wakaacha kumwitikia njiani. Mama mmoja alimwona anakuja, akavuka upande wa pili wa njia na mzigo wake wa majani kichwani. Kuhukumu huanzia hapo, wajukuu zangu, kabla ya chungu. Huanzia kwenye salamu.

Na tangazo lilikuwa na mkia, mkia huo ndio ulioniua mimi: laana itamshika aliyeiba maji, *na kila aliyekula kilichooteshwa na maji hayo*.

Nilisikia hivyo nikiwa nimebeba kibuyu cha maziwa. Sijui hata nilikitua wapi.

Siku zile zilizobaki nilitembea kama mtu aliyemeza sindano. Nilikuwa najishika tumbo nikilala, nasikiliza kama magimbi yanazungumza humo ndani. Nilijaribu kujitapisha nyuma ya zizi nikaambulia kikohozi. Shuleni Anaeli alinipa nusu yake kama kawaida, mkono umenyooshwa, na mimi nikasema nimeshiba. Akaniangalia. Akairudisha nusu mfukoni, na hakula hata yake. Nayaona macho yale mpaka leo. Alidhani na mimi nimevuka upande wa pili wa njia.

Nyumbani nikaacha kula. Niliona hakuna maana ya kumaliza ugali wa watu kama nakwenda kufa. Bibi alivumilia siku ya kwanza. Siku ya pili alikuwa anamenya ndizi, akanitazama bila kuinua kichwa.

"Wewe, njoo hapa. Tumbo?"

"Hapana, Bibi."

"Mwalimu amekupiga?"

"Hapana."

"Basi kufa hapo hapo kimya, au sema."

Neno *kufa* lilikuwa ndilo lenyewe. Nikalia mpaka kamasi zikanifika kidevuni, na nikamwambia yote: gimbi, chumvi, nyuma ya choo, nusu kwa nusu. Kisu cha Bibi kikasimama kwenye ndizi.

"Ulikula mengi?"

"Mengi, Bibi."

"Ndiyo maana," akasema. "Nilikuwa najiuliza mashavu hayo yanatoka wapi." Akaendelea kumenya. Utomvu ulikuwa umevitia weusi vidole vyake, na alimenya ndizi nzima kabla ya kuongea tena. "Kula ugali wako."

"Na chungu?"

"Chungu niachie mimi. Chungu ni kitu cha jikoni."

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi yenye baridi, ukungu umefunika mlima mpaka kwenye mabega. Watu walikusanyika kwenye uwanja mdogo ambapo mfereji unapita karibu na njia. Wanaume walikaa kwenye magogo, wanawake wakasimama nyuma, watoto tukapenya kati ya miguu. Mama Anaeli alikuja amejifunga kaniki, amemshika binti yake mkono. Hakuna aliyemsogelea. Waliachiwa nafasi kubwa kuwazunguka, kama moto.

Na katikati, juu ya majani ya mgomba, chungu. Kilikuwa kizuri, niseme ukweli. Chekundu, cha duara, mdomo umenyooka. Nilikitazama kama kuku anavyomtazama nyoka.

Babu alisimama na rungu. Alipokuwa anafungua mdomo, Bibi akapita katikati ya wanaume, ananikokota mkono.

"Wazee, shikamooni."

"Marahaba," wakaitikia, wamekerwa.

"Nina swali la jikoni."

"La jikoni lisubiri jikoni, mama," akasema Mzee Sifaeli.

"Haliwezi. Chungu kimetoka jikoni, na swali limekifuata." Akamgeukia Babu. "Baba Elia, hicho kikishapigwa, kinamfuata aliyeiba maji peke yake, au na aliyekula?"

"Na aliyekula. Unajua hivyo tangu ulipozaliwa."

"Najua. Nilitaka watu wasikie kwa mdomo wako." Akaweka mikono kiunoni. "Ulipolala na homa juzi juzi, ulikataa ugali, ukakataa ndizi, ukasema mdomo mchungu. Nikakuletea magimbi na maziwa. Ulisemaje?"

Babu akatazama rungu.

"Nakukumbusha. Ulisema hujala gimbi laini namna hiyo tangu mama yako afe. Ukaomba la pili. Ukalamba na kidole. Sasa, Baba Elia, kwetu magimbi yamekauka tangu mvua ilipokata. Yale yalitoka wapi?"

Mfereji ulisikika ukipita. Kisha mwanamke mmoja huko nyuma akafyatua kicheko, akakiziba kwa khanga, kikatokea puani. Na mwingine akasema, "Hata kwenye msiba wa mama yangu alileta kikapu. Tulikula sote." Na mwingine, "Mimi alinipikia nilipojifungua." Mzee Sifaeli akasimama, kidevu mbele, "Sasa hayo yanahusu nini!" Mkewe akamjibu kutoka alipokuwa, taratibu, "Keti, baba. Na wewe umekula, tena kwa mchuzi."

Ah! Uwanja ukapasuka. Watu walicheka wakishikana mabega, kisha kicheko kikaanza kupungua, kwa sababu kila mmoja alikuwa anahesabu tumboni mwake. Mjane yule, wakati wa njaa, alikuwa amepita nyumba nyingi na kikapu chake, hakusema kitu. Na Bibi akanisukuma mbele, mimi na mashavu yangu.

"Na huyu mjukuu wako amekula kuliko wote. Mwangalie alivyo. Basi vunja."

Nilimwangalia Babu, na Babu akaniangalia. Sijawahi kuona mtu mrefu akifupika hivyo. Rungu lilikuwa mkononi bado, lakini mkono ulikuwa umeshalisahau. Akaliweka chini pole pole kando ya chungu, kama anayelaza mtoto.

"Tupande mfereji," akasema. "Tuutazame tena toka kwenye banio, pale unapoanzia."

Tukapanda sote, hata wazee wenye magoti mabovu. Walipofika juu ya banio wakaanza kushuka, wanatazama kingo pande zote mbili, wanatafuta alama ya jembe. Hakuna jembe. Hatua kwa hatua, hakuna jembe. Mzee Sifaeli alianza kupata nguvu tena, anasema mwizi hodari hufukia nyayo zake.

Mimi nilikuwa nimerudi ubavuni kwa Anaeli. Sikuwa na la kumwambia, nikamshika sweta. Tulipofika kwenye mringaringa ule mkubwa, ambapo mizizi inaingia mpaka ndani ya maji, nikasema tu ili niseme kitu, "Pale kwa mla mapepe."

Mapepe ni yale matunda ya kahawa mepesi, yanayoelea wakati wa kuosha. Hayana thamani, tulikuwa tunapewa tuchezee. Sisi watoto tulikuwa tunayashindanisha mferejini, kila mmoja na tunda lake jekundu, la kwanza kupita jiwe ndilo mshindi. Na sote tulijua kwamba tunda likienda karibu mno na mizizi ya mringaringa halitokei tena. Tukasema kuna mla mapepe anakaa humo. Hakuna mtu mzima aliyewahi kutuuliza.

Babu akasimama. "Nani anakula nini?"

Nikaogopa. Anaeli ndiye aliyejibu, "Maji yanazunguka pale, Babu, yanameza."

Babu akapiga magoti. Akainama mpaka ndevu zikagusa maji, akaingiza mkono kati ya mizizi, ukazama mpaka kwapani. Akabaki hivyo muda, uso umelala kwenye tope kama anasikiliza. Alipoinuka alisema neno moja, "Fuko." Mnyama huyo alikuwa amechimba njia chini ya mizizi, na maji yalikuwa yanaifuata.

Bibi akaagiza kikapu cha mapepe. Babu akayamwaga konzi kwa konzi pale kwenye mizizi, na sisi sote tukakimbia chini kwa Mama Anaeli, akina mama wameshika khanga, wazee wanateleza, tukasimama kuzunguka bonde la magimbi bila kupumua. Ilichukua muda. Mzee Sifaeli alishaanza kukohoa. Halafu, chini ya shina la mgomba mzee, palipokuwa panabubujika kama uji unaochemka taratibu, likachomoza tunda jekundu. Kisha jingine. Kisha yakaja kwa pamoja, mekundu, yanazunguka kwenye tope jeusi katika nyumba isiyo na mti wa kahawa hata mmoja.

Sijui nani alianza kupiga vigelegele. Najua mimi nilikaa chini kwenye tope na sare yangu ya shule, nikalia kwa furaha, na kitu cha kwanza nilichokitaka duniani kilikuwa gimbi.

Mama Anaeli naye alikaa chini. Ndipo aliposema, na kona kona zake za Kimeru, ambazo siku ile hakuna aliyeziiga: alidhani ni chemchemi. Alikuwa ameomba, na maji yakaja. Akaogopa kusema, kwa kuwa mjane akitaja alichopewa huja mtu kumwambia si chake. Kwa hiyo akagawa magimbi, na maji akayanyamazia.

Babu alikuwa anatafuta jembe, na anayetafuta jembe hamwoni fuko. Aliziba shimo kwa mikono yake mwenyewe, udongo na mawe, lakini aliacha mwanya mdogo, na tangu mwaka ule Mama Anaeli akapewa zamu kamili kama wengine. Zamani alikuwa hana, na hakuna aliyekuwa amewaza kumwuliza anamwagilia kwa maji gani.

Ikabaki shida ya chungu. Kilikuwa kimeshatajwa, kimeshakalishwa mbele ya watu, nani angekipikia? Babu alikizunguka kama ng'ombe asiyejua mlango. Mama Anaeli akasema, "Nipeni mimi." Akakiosha mferejini, akakijaza magimbi, akakiweka motoni palepale, na tukala. Babu aliomba la pili.

Chungu kile kilikaa kwake miaka yote. Alipofariki, Anaeli akanipa mimi, na nikaja nacho mpaka Sakina. Nimepikia binti zangu, nimepikia wajukuu. Kila nilipokiosha nilikishika kama yai. Nawaambieni ukweli, mimi mtu mzima, Mkristo, mwenye wajukuu: kuna sehemu ndogo tumboni mwangu ilikuwa bado inaogopa.

Kuna jambo moja sikulijua siku ile, nalo nililijua baadaye, nikiwa nimeshaolewa, nilipokwenda kumtazama Bibi. Alikuwa ameishiwa meno lakini hakuishiwa maneno. Tulikuwa tunaongea habari za chungu, nikamsifu. Nikasema, "Bibi, wewe peke yako ulijua kwamba Mama Anaeli hakuiba."

Akanitazama kama nilivyokuwa darasa la pili.

"Nani alikwambia? Nilijua ameiba."

"Bibi!"

"Mjane, mtoto mmoja, jua lile. Mimi ningeiba. Nilijua anafungulia usiku, tena nikamsifu moyoni kwa kazi safi isiyoacha alama."

"Sasa kwa nini ulisimama?"

"Kwa sababu kudhani ni kwangu, kunakaa humu kichwani, kesho kunaweza kutoka bila kuvunja kitu. Kuhukumu ni kumtwisha mwenzako. Ukishamtwisha, hata ukikuta hana kosa, shingo yake imeshapinda." Akatafuna fizi zake. "Na wewe ulikuwa umekula. Ningemwacha babu yako akuue kwa ajili ya maji?"

Nilikuwa nimeishi miaka mingi nikidhani siku ile ilitufundisha kwamba watu wema huwa hawana hatia. Kumbe Bibi alisimama akiamini hatia ipo. Fuko alikuja kama nyongeza. Hata kama pasingekuwa na fuko, hata kama wangekuta jembe la mjane limelala pale kwenye mizizi, Bibi alikuwa ameshakiokoa chungu.

Haya ndiyo niliyomweleza Neema leo, yeye amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, povu limekaukia mikononi. Alifuta mikono kwenye sketi, kisha akauliza, "Kwa hiyo Bibi, kimevunjika. Sasa itakuwaje?"

Nikamwambia akaokote vigae. Kile kikubwa, cha kitako, tumekiweka chini ya bomba, kinakusanya matone. Kuku wamekigundua. Nimekaa hapa tangu asubuhi nawatazama wakinywa, wanainua vichwa, wanameza, wanarudi tena. Neema anaimba jikoni. Binti yangu amepiga simu kutoka kazini, nikamwuliza hali yake, na ya mumewe, na ya watoto, mmoja mmoja kwa jina, kama vile hatukuamka nyumba moja, mpaka akauliza, "Mama, kwani kuna nini?"

Hakuna kitu, nikamwambia. Chungu kimevunjika, na sisi wazima wote.